Shela ya nyanya yake

Nilikuwa na miezi minne tu katika karakana ya ushonaji ya Kadutu, hapa Bukavu, mteja alipotuletea shela ya nyanya yake. Nyanya huyo aliipewa na mke wa tajiri wake, Mbelgiji, mji wetu ulipokuwa bado unaitwa Costermansville. Sasa mjukuu alitaka kuolewa nayo. Wavu wake ulikuwa umeoza. Ukiugusa, unakatika kama utando wa buibui. Lakini maua ya dantela, yaani ya nyuzi zilizosukwa zikaacha matundu, yaliyotawanyika juu yake yalikuwa mazima.

Nikachukua mkasi. Niliwaza kukata palipooza, niunganishe palipobaki kwa cherehani.

"Weka mkasi chini, binti yangu," akasema mama aliyetufundisha. Akaigeuza shela, akanionyesha upande wa nyuma. Kumbe kila ua lilishikizwa kwa mishono midogo mno ya mkono! Ua na wavu havikuzaliwa pamoja.

Ndipo akanisimulia aliyoyapata kwa masista. Dantela ya Brussels tangu zamani ilitengenezwa vipande vipande: mwanamke huyu anasuka maua juu ya mto wenye pini, akipishanisha vijiti vyenye uzi wa kitani; yule anasuka wavu; mwingine anaunganisha. Wavu ulikula siku nyingi sana. Mwaka 1808 Mwingereza John Heathcoat akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kuusuka. Baadaye mafundi wa Brussels wakawa wanayashona maua yao juu ya wavu wa mashine.

"Wavu tutanunua mwingine," akasema. "Maua haya, nani atakusukia?"

Wiki tatu nilifumua ua moja moja, nikaosha, nikayapanga upya juu ya tuli, yaani wavu mpya. Mengine yalikazwa sana, mengine yalilegea kidogo, na nilijua sasa kwamba ni mikono tofauti, ya wanawake ambao hawakuvaa kamwe walichokisuka. Nilikuwa nimekaribia kuwakata kwa mkasi.

Mteja aliporudi, mama akaniambia nimweleze mimi. Nikamweleza yote. Alipapasa maua kimya, kisha akauliza wavu wa zamani uko wapi. Tulikuwa bado hatujautupa. Akaomba tumfungie nao.