Mabalozi Wawili wa Kerala

Nikifundisha Vita vya Korea, huwa naanzia nyumbani kwa K. M. Panikkar, balozi wa India mjini Beijing, mzaliwa wa jimbo la Kerala, kusini mwa India. Usiku wa kuamkia Oktoba 3, 1950 aliamshwa usingizini, akaitwa kwa Waziri Mkuu Zhou Enlai. Ujumbe ulikuwa mfupi: majeshi ya Marekani yakivuka mstari wa 38, uliokuwa ukitenganisha Korea Kaskazini na Korea Kusini, China itaingia vitani. Ukafikishwa Washington, lakini wakubwa wa huko hawakuuamini. Walimwona Panikkar kama mtu wa kuwapendelea Wachina. Majeshi yakavuka, na kabla mwezi ule haujaisha Wachina walikuwa vitani. Roho huniuma kila nikifika hapo.

Baadaye ukaja ugomvi wa mpaka kati ya India na China. India ikamwondoa balozi wake mwaka 1961, vita vikapiganwa 1962, na kwa miaka 15 ubalozi ukashikwa na makaimu. Aliyepelekwa kukikalia tena kiti kile mwaka 1976 alikuwa K. R. Narayanan, naye mzaliwa wa Kerala, mtoto wa familia maskini ya Kidaliti, watu waliowekwa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu. Shuleni alikuwa akienda kwa miguu, kilomita nyingi kila siku. Mwaka 1997 akawa Rais wa India. Nikisimulia habari zake, darasa zima hutulia.