Gita la Kuzeeka Nalo

Mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane. Amepata pesa yake ya kwanza ya kueleweka, sasa anataka gita la kuchomeka, yaani la mbao lenye kifaa ndani cha kulipeleka kwenye spika, zuri, "la mara moja tu, Mjomba, sitaki kurudi dukani tena maishani." Mwishoni, kana kwamba ni jambo la kupita tu, akaongeza: "Baba anasema hilo lako alikuchagulia yeye."

Alinichagulia yeye! Asubuhi nimeusikiliza tena ujumbe huo kuhakikisha. Basi, kabla habari hii haijakomaa ikawa historia ya ukoo, naiweka hapa ilivyokuwa. Shemeji akitaka kukanusha anajua pa kunipata.

Gita lenyewe ndilo ninalolipiga hadi leo, mtalikuta mbele. Nililokuwa nalo kabla yake, la plaiwudi, lilinifundisha karibu yote ninayoyajua, ila kila nikilichomeka lilinitia aibu. Sebuleni lilitoa sauti ya gita, kwenye spika lilitoa sauti ya waya. Nikaapa kwamba linalofuata ndilo la mwisho. Kiapo cha namna hiyo kitamu mdomoni, lakini dukani kinakugandisha, maana ukishajiambia kwamba kitu utazeeka nacho, kila mkwaruzo unauona ni wa milele.

Na nilikuwa nimesoma hadi nikavimbiwa. Nilijua kwamba ubao wa juu ndio unaobeba kazi kubwa ya sauti, na kwamba ukiwa wa mbao nzima, sprusi au mwerezi, hutetemeka vizuri kuliko matabaka yaliyogundishwa. Nilijua pia kwamba ubao huohuo mzima ndio unaopasuka hewa ikikauka, ndiyo maana watengenezaji wengi wanashauri gita likae kwenye unyevu wa kama asilimia 45 hadi 55. Nilijua nyuzi za chuma sita, zikikazwa kawaida, zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, miaka yote, na kwamba kuzeeka kwa gita kwa kiasi kikubwa ni shingo na ubao wa juu kuchoshwa na mvutano huo. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Nikasimama mbele ya magita mawili, elimu yote ikaniacha.

La kwanza nililipenda tangu mlangoni. Lilikuwa dreadnought, lile umbo la mabega mapana na tumbo kubwa ambalo Martin, watengenezaji wa magita wa Marekani, walianza kulitengeneza mwaka 1916 kwa ajili ya kampuni ya Ditson. Mgongo na mbavu zake zilikuwa za mbao nyeusi yenye michirizi ya zambarau, ya jamii moja na mpingo. Ubavuni, upande wa juu, lilikuwa na paneli pana: vitelezeshi vya besi na sauti nyembamba, kitufe cha kuzuia kuvuma, na kioo kidogo cha kutyuni kilichowaka taa ya kijani. Ukilishika unajiona uko jukwaani tayari.

La pili lilikuwa dogo, la mahogani mgongoni, halina pambo wala paneli. Nililitafuta swichi zake nikazikosa, hadi nikaingiza kidole kwenye mdomo wa tundu la sauti nikagusa vigurudumu viwili vidogo vilivyojificha ndani, kimoja cha ukubwa wa sauti, kingine cha rangi ya sauti. Lilionekana kama nyumba ambayo mwenyewe ameishiwa pesa kabla ya kupaka rangi.

Shemeji alikuwepo kwa sababu gari lilikuwa lake. Hajui kupiga chochote, hata meza.

Nyuma ya duka alikaa fundi, mzee asiyependa maneno. Nilipomwomba aniangalizie hayo mawili hakuuliza lipi nalipenda. Alichukua kioo kidogo chenye mpini na taa, akakiingiza tumboni mwa lile kubwa, akaniita nitazame. Nikaona mbao nyembamba za ndani zinazoushikilia ubao wa juu, zimepangwa kwa umbo la X, gundi yake safi. Akanionyesha ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mti inayoonekana juu inaushukia ukingo na kuendelea hadi chini yake. Ingekuwa plaiwudi ningeona matabaka. Kisha akalaza rula ndefu ya chuma juu ya freti zote, vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo, ncha yake ikafika juu kidogo tu ya daraja, kile kipande cha mbao tumboni kinachofungiwa nyuzi. "Hapo ni pazuri," alisema. Ncha ikigonga chini ya usawa huo, maana yake shingo imeshaanza kusalimu amri kwa nyuzi, na siku moja itabidi ifunguliwe iwekwe upya. Hiyo si kazi ya kila fundi: shingo nyingi za jadi zimegundishwa, zinahitaji mvuke kuachia. Kampuni ya Taylor tangu 1999 wanazifunga kwa bolti na vipande vyembamba vya kurekebisha pembe, ili aje mtu aifungue bila kuumiza kitu. Mwishowe akapima nafasi kati ya waya mnene na freti ya 12, akaguna. Milimita mbili na nusu, penye afya.

Yote mawili yalifaulu. Nilitamani moja lishindwe.

Ndipo nikaliona la tatu, ambalo halikuwa la kuuzwa. Lilikuwa mezani kwake, limevuliwa nyuzi, zee, ubao wa juu umegeuka rangi ya asali. Na ubavuni lilikuwa na tobo la mstatili, mkono mzima ungeingia. Nikauliza limepatwa na nini. Akainua kutoka kwenye boksi kipande cheusi cha plastiki chenye vifungo, akakirudisha. Kifaa kilikufa, mfano wake hautengenezwi tena, na vya siku hizi havina kipimo kile. "Mbao bado nzima," alisema. "Nachonga kiraka." Alikuwa tayari ameshachora mstari wa penseli kwenye kipande cha mbao kuufuata ukingo wa tobo. Sikusema kitu, ila jicho langu lilikwenda lenyewe kwenye ile paneli nzuri yenye taa ya kijani.

Sasa shemeji.

Mpiga gita hukaa nyuma ya sauti yake. Tundu linatazama mbele, wasikilizaji ndio wanaopata sauti yote. Ukitaka kujua gita linasema nini, inabidi alipige mwingine, wewe usimame upande wa pili. Mzee akatazama huku na huku, duka halikuwa na mtu mwingine, akamkabidhi shemeji lile kubwa.

"Mimi?" shemeji akasema.

"Wewe. Teremsha dole gumba tu."

Akakaa kwenye kigoda, gita limelala pajani karibu chali, mkono wa kushoto hajui aupeleke wapi, akauacha ukining'inia. Mimi nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Akateremsha dole gumba, polepole mno, waya mmoja baada ya mwingine, kwa woga wa mtu anayegusa mali ya watu. E nzito, waya mnene kuliko wote, ikaja kwanza, nikaisikia kifuani kabla ya masikioni. A, waya wa pili, ikaikuta bado ipo, D ya tatu ikaingia juu yake, na zile mbili za mwisho, nyembamba, zilizama ndani ya zile nene zikapotea. Ilikuwa sauti nzuri. Nasema kweli, ilikuwa nzuri, pana, haikuisha upesi.

Kisha lile dogo. Woga uleule, dole gumba lilelile. E ilikuwa nyembamba zaidi, ikasogea ikaipisha A, na kila waya nikausikia ulipoanza na uliposimama. Waya wa mwisho ulisikika kwa nguvu sawa na wa kwanza. Shemeji hakujua afanye nini baada ya hapo, akakaa ameduwaa, zote sita zikaendelea kulia peke yake, zikafifia pamoja bila mmoja kuwatangulia wenzake. Mkono wa mpigaji mzuri huficha mengi. Unajua kubana hapa, kulegeza pale, na gita linapata sifa isiyo yake. Mkono wa shemeji haukuficha kitu.

Lakini tayari alikuwa amenogewa. Akaomba tena lile kubwa, akalikung'uta kwa viganja, akacheka. Akafanya vilevile kwa dogo, na hapo dogo likaonekana dogo: ukizidisha nguvu halitoi zaidi, linajikaza tu. Nalisema hili kwa sababu shemeji atalisema.

Mzee akachomeka waya wa spika kwenye lile kubwa. Chini ya kile kifupa cha daraja kinachobeba nyuzi kulikuwa na ukanda wa piezo, vitu vinavyogeuza mgandamizo kuwa umeme. Ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua tabia hiyo mwaka 1880, na hawakuwa wakiwaza magita. Aliyekuja kulitia piezo gita na kulifanya lizoeleke jukwaani, miongoni mwa wengine, ni kampuni ya Ovation, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1960 na Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Mtu wa helikopta, kazi yake kupambana na mitetemo, akaamua mingine aiuze.

Sauti ikatoka kwenye spika, kavu kidogo upande wa juu lakini safi. Shemeji akapiga, akafurahi, akaisogelea spika asikie vizuri. Na hapo waya wa A ukaanza kuvuma. Akaondoa mkono. Waya ukaendelea, ukazidi, tumbo zima la gita likitetemeka juu ya paja lake, naye amenyoosha mikono yote miwili hewani kuonyesha kwamba hahusiki.

"Mbona linapiga lenyewe?"

Mzee hakucheka. Hewa iliyomo kwenye tumbo la ukubwa ule hupenda kutetemeka karibu na mara 100 kwa sekunde, jirani kabisa na noti ya G ya freti ya tatu kwenye waya mnene, na A haiko mbali. Spika inalitikisa tumbo, tumbo linautikisa waya, waya unairudishia spika. Kitufe cha paneli kilipunguza mvumo ule, na sauti nayo ikapungua. Nilijikuta nawaza kwamba tumbo kubwa lilitengenezwa enzi ambazo gita lilihitaji kusikika bila msaada wa mtu. Mimi naenda kulichomeka. Tumbo lote hilo la nini?

Dogo lilipochomekwa, shemeji aliisogelea spika kwa ujasiri wa aliyekwisha kuona mabaya. Lilisubiri sana kabla ya kuvuma.

"Chukua kubwa," akasema shemeji, huku akilirudisha dogo kwa mikono miwili. "Lina uhai."

Mnasikia? Kubwa. Ndilo alilolichagua, kwa kinywa chake, mbele ya shahidi. Mimi nikachukua dogo. Lakini nikikaa na ukweli, nilikuwa nimeingia dukani nikiwa nimeshalinunua lile kubwa moyoni, na kama si dole gumba lake na ile mikono aliyoinyoosha hewani, ningetoka nalo. Kwa hiyo sijui nimjibu nini mtoto. Alilichagua baba yake kwa kukosea? Nilimchagua yeye awe masikio yangu? Nikimwambia hivyo shemeji atachukua nusu ya kwanza tu ya sentensi.

Yaliyofuata ni mafupi. Piezo ya ndani ilikufa, kama vinavyokufa vyote. Fundi mwingine akaitoa kupitia tundu la sauti, akapitisha nyingine humohumo, ubavu haukuguswa. Betri ya volti 9 nimeiua mara nyingi kwa kusahau waya wa spika umechomekwa usiku kucha, maana kuchomeka ndiko kunakoiwasha. Freti za mwanzo zimeshabadilishwa. Shingo bado.

Na kuna nyimbo, zile za kukung'uta, ambazo gita langu huzipokea nusu. Nikizipiga nasikia mahali ambapo sauti ilitakiwa iendelee ikaishia. Sijawahi kuamua kama siku ile nilichagua mbao za kudumu au nilikimbia tobo la mstatili kwenye meza ya mzee.

Hivi karibuni nilimkuta mtu jukwaani ana gita ndugu wa lile kubwa, umbo lilelile, mbao ileile, paneli ubavuni inawaka kijani bila wasiwasi wowote miaka yote hii. Spika zilikuwa karibu naye kuliko zilivyokuwa kwa shemeji. Nikasogea mbele, sifichi, kusubiri livume. Halikuvuma. Alikuwa ameliziba tundu la sauti kwa kifuniko cha mpira, basi. Siku ile dukani hakuna aliyekitaja, hata yule mzee.