Nilivyowatafuta Farasi wa Mbao wa Coco Beach

Tangu tukiwa wadogo mama alikuwa akituambia kwamba ufukwe wa Oyster Bay jijini Dar es Salaam, ambao leo wengi tunauita Coco Beach, uliwahi kuwa na bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao, iliyosukumwa kwa mikono na vijana wawili. Ndugu zangu walimcheka, wakasema amechanganya na bembea za sikukuu za Mnazi Mmoja. Mwaka jana niliamua kutafuta ushahidi.

Nilianza vibaya. Nilikwenda ufukweni maji yalipokupwa, nikakuta kipande cha zege chenye nondo nne zilizoliwa na kutu, nikakipiga picha zisizo na idadi, mpaka mzee mmoja muuza mihogo aliponihurumia: "Hilo, mwanangu, lilishikilia bango la soda." Ningefikiri kwanza ningejua kwamba kitu kinachofunguliwa na kuondoka juu ya mkokoteni sikukuu ikiisha hakiachi msingi.

Nilihitaji kujua ilikuwa mwaka gani. Nilipomuuliza mama anakumbuka nini kingine, alijibu kwamba siku hiyo ya Idi walirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu ilikuwa Jumapili na gari la baba yake lisingeruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana. Watu wa rika lake wanalikumbuka vizuri katazo hilo la miaka ya uhaba wa mafuta, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nikatafuta ni mwaka gani sikukuu ya Idi ilikutana na Jumapili, nikapata Idi el-Fitri ya 1981, mwanzoni mwa Agosti. Nikiwa na tarehe hiyo nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nikapekua magazeti ya juma hilo ukurasa kwa ukurasa. Farasi sikumwona.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipiga picha bembea. Watu walipiga picha watoto wao. Kwa hiyo niliacha kuulizia farasi, nikaanza kuwaomba shangazi zangu na majirani wa zamani albamu zenye picha yoyote ya ufukweni, nikawa natazama nyuma ya mabega ya watu. Katika albamu ya tatu, huko Magomeni, niliwakuta wasichana wawili waliovaa magauni ya sikukuu, na nyuma yao nusu ya farasi: sikio limevunjika, jicho ni kizibo cha soda, na mkono wa kijana umeshika mti wa kusukumia. Nyuma ya picha paliandikwa kwa kalamu: "Idi, Oyster Bay, 1981." Kwa ruhusa ya mwenyewe niliipiga picha pande zote mbili, karibu na dirisha, bila kuibandua kwa nguvu.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu alikuwa wa kijani," alisema. "Mimi nilimpanda wa bluu."

Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kuhusu rangi bado ninategemea neno lake.