Nane jumlisha tisa ni kumi na moja

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, laptopu magotini, Kondele, mtaa wetu hapa Kisumu, haijaanza kupiga honi. Ninajenga emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine, ya ZX Spectrum, kompyuta ya Uingereza ya 1982 yenye RAM ya kilobaiti 48, pamoja na mfumo endeshi wangu mdogo. Jirani husema nacheza gemu. Laiti ingekuwa hivyo.

Saa mbili nafungua saiba. Kuprinti, kutoa kopi, kuskani vitambulisho hadi saa tano.

Halafu anaingia mama mwenye hoteli, anataka menyu. Mara omena ipande juu ya sukuma, mara chapati iwe thelathini, hapana, rudisha ishirini na tano, mara herufi zikolezwe, mara kuna samaki? Nikiprinti, anakumbuka madondo. Karatasi ya nne anaipuuza, anachungulia skrini ya pili. Kalkuleta ya mfumo wangu imeandika 8+9=11.

"Mwanangu, na hii nayo ni kompyuta?"

"Bado naitengeneza, mama."

"Ukinihesabia wateja hivyo nitafunga hoteli."

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Na 5+7 inatoa 12 bila shida! Z80, prosesa ya Spectrum ninayoiiga, hujumlisha kwa msingi wa 16, kisha amri ya DAA hurekebisha jibu liwe la kawaida. 5+7 inaacha C, yaani kumi na mbili kwa msingi wa 16. DAA ikiona imepita 9 inaongeza 6, unapata 12. Lakini 8+9 inaacha 11, ambayo kwa msingi wa 16 ni kumi na saba, namba safi kabisa usoni. Kinachoifichua ni bendera ya H tu, biti moja inayosema kuna kilichobebwa kutoka biti ya 3 kwenda ya 4. Ndiyo maana kosa lilijificha: halionekani mpaka jumla ifike 16.

Stima ikapotea. Betri yangu imezeeka, kwa hiyo nikafuatilia amri kwa kalamu nyuma ya menyu zilizokataliwa. Wateja walikuja, wakaondoka, mgongo ukaanza kulalamika, sikujua ni saa ngapi.

Stima iliporudi giza lilikuwa limeingia. Mstari wenyewe nikauona: nakokotoa H vizuri, halafu mstari unaofuata unafuta rejista yote ya F, inamokaa bendera zote, kabla ya kuweka bendera nyingine. Nikausogeza juu.

17.

Nikatoka mbio kumwita mama. Alikuwa ameshafunga.

Nikarudi, nikajaribu 17-9. Ikaniambia 14.