Tupa na msumeno: bonge la matabaka limeshikana

Bonge la kufulia kisu cha matabaka limeshikana. Vipande saba vya chuma vimekuwa kimoja kwa moto na nyundo. Umeme umetumika kuweka vidoti vichache tu vya kuchomelea pembeni, ili vipande visitawanyike kabla ya kuingia motoni.

Springi za gari nimeziacha kwa kazi hii. Kwa panga zinafaa sana, lakini nyingi zina kromu, na kromu kwenye joto hujivika utando ambao boraksi, unga wa kusafishia chuma kikiwa motoni, huuyeyusha kwa shida. Beringi ndiyo balaa zaidi. Safari hii nimechukua tupa kuukuu za seremala na kipande cha msumeno mpana wa kupasulia magogo kutoka Mafinga. Tupa nzuri ni chuma na kaboni, zaidi ya asilimia 1, bila makorokoro mengi. Misumeno ya aina ile mara nyingi ina nikeli kidogo, na hiyo ndiyo niliyoifuata, maana hubaki inang'aa pale tupa inapogeuka nyeusi, na mistari ikaonekana.

Si kila tupa inafaa. Za bei chee nyingine ni ngumu kwenye ngozi tu, ndani laini kama nondo. Mimi nakata ncha, naisaga ngozi yote, naipasha mpaka sumaku isiishike, naitumbukiza kwenye maji, kisha naibana kwenye jiliwa na kuigonga. Ikikatika ghafla, na pale ilipokatika pakaonyesha chembe ndogo za kijivu, inaingia kazini. Ikipinda, inakuwa ndoano ya kuning'inizia makoleo. Meno nayo lazima yaishe kabisa kwa grainda, maana kila bonde la jino huficha uchafu, na uchafu ukibaki kati ya matabaka, hapo hapataungana hata ugonge mpaka Magharibi.

Moto ni mkaa na feni. Tanuri la gesi lina raha yake, ila boraksi inayodondoka hula kuta zake za ndani, na sina haja ya kujenga tanuri upya kila mara. Kwenye mkaa jambo kubwa ni kina: uwe mwingi, kama shibiri moja juu ya pale hewa inapoingilia, na bonge likae juu, lisitazamane na mdomo wa bomba. Hewa inayofika kwenye chuma kabla haijaliwa na mkaa huzalisha magamba, ule utando mweusi unaozuia chuma kushikana. Feni naiendesha taratibu.

Boraksi nanunua kwa sonara. Bonge likiwa jekundu la kukolea nanyunyizia, inayeyuka na kupenya kwenye mianya ikiyeyusha magamba. Kisha linarudi motoni kutafuta nyuzi joto 1,200 hivi au zaidi. Kipimajoto cha kufika huko sina. Natazama rangi ikipanda kutoka chungwa hadi njano iliyopauka, na boraksi ikichemka juu ya chuma. Naligusa kwa waya, waya ukinata natoa upesi. Ukingoja cheche nyeupe kama fataki za Idi umeshachelewa: chuma kinaungua, na kilichoungua hakiponi.

Wengi wanadhani hapa ndipo pa kutumia nguvu. Hapana. Mapigo mepesi, ya haraka, kutoka katikati kwenda kingoni, ili boraksi itoke. Nayo hutoka kwa kuruka, ya moto, kwa hiyo aproni ya ngozi, miwani na viatu vya kufunika. Watoto wa mtaani wanapenda kutazama, nimewachorea mstari wa chokaa mbali.

Kuhakiki ni rahisi. Pasha bonge, litoe, liangalie likipoa. Tabaka lisiloshika hupoa kabla ya mwili na kuonyesha kivuli cheusi. Langu limepoa kwa rangi moja toka ncha hadi ncha.

Nikalirefusha, nikalikata vipande vitatu, nikapanga na kuunga tena, kisha nikarudia. Saba mara tatu mara tatu ni 63, ila kwa macho ni 55, kwa kuwa tupa iko juu na chini, na tupa ikikutana na tupa huwa mstari mmoja mnene. Mistari minene kidogo inanipendeza.

Kuna wanaoamini kisu cha matabaka hukata vizuri kwa kuwa kigumu na laini vimepakatana. Kwenye joto la kuungia, kaboni husambaa haraka kutoka tabaka hadi tabaka, na tofauti hiyo hupotea karibu yote. Nikeli ndiyo isiyohama kirahisi. Tupa moja nzuri, ikifuliwa na kupozwa vyema, itakata sawasawa na hiki changu. Hapa nafuata urembo.

Kipande cha majaribio nimekitia ugumu kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa kidogo, nikakisugua kwa msasa na kukilaza kwenye kloridi ya feri, ile ya mafundi wa redio, iliyozimuliwa kwa maji. Tupa imekuwa nyeusi, msumeno umebaki unang'aa. Kona moja ina kidoa ambapo boraksi ilinasa, nitaikata.

Sasa ni kufua umbo la kisu cha jikoni, ubapa wa sentimita 18. Mpini utakuwa wa mpingo.