Siku Moja Maishani Mwangu: Kutafuta Majina Katika Karatasi za Mali Zilizoporwa

Nikisema kwamba ninafanya kazi ya nyaraka mjini Berlin, watu hunionea huruma kidogo, kwa kuwa wanawaza vumbi, masanduku na kimya. Na nikiongeza kwamba nyaraka zenyewe zinahusu mali ambazo Wanazi waliwapora Wayahudi, huruma hugeuka wivu, wakidhani nashinda nikitazama michoro ya thamani. Michoro siioni. Ninaziona karatasi, na kazi ya kikundi chetu cha watu sita ni kuhakikisha kwamba mjukuu aliyeko Buenos Aires au Haifa akiandika jina la bibi yake kwenye kisanduku cha kutafutia, karatasi ya bibi huyo inamtokea. Naieleza hapa Jumanne iliyopita kama ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamka, nikaswali, nikanywa chai ya tangawizi, na ilipotimia saa moja nilikuwa ndani ya treni huku giza la Januari likiwa bado limetanda.

Saa mbili asubuhi. Kwanza ni kunawa mikono na kuikausha vizuri, kwa sababu zile glavu nyeupe ambazo watu hutarajia kutuona nazo hufaa kwa picha za kamera. Kwa karatasi kavu ya miaka 80 glavu huviondolea vidole hisia, na ukingo wa ukurasa huchanika kabla hujajua umeugusa.

Jalada la kwanza lilikuwa la mwaka 1942. Ndani yake kuna fomu ya kurasa 16 ambayo Wayahudi wa Berlin walipewa waijaze kabla ya kusafirishwa kwa nguvu kwenda mashariki. Amri ya tarehe 25 Novemba 1941 ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba Myahudi akihamia nje ya mipaka, hata kwa kusukumwa, mali yake yote inakuwa ya dola. Kwa hiyo mtu aliketi mezani kwake akaorodhesha kwa mkono wake mwenyewe vitu alivyokuwa akinyang'anywa, viti vingapi, mashuka mangapi, vijiko vingapi. Fomu hii iliandikwa na mwanamke mshonaji aliyekuwa amepanga chumba kimoja. Aliandika cherehani moja, koti la baridi moja, soksi jozi nne, mwavuli mmoja. Kwenye mstari wa picha za ukutani aliandika tatu, basi, bila kusema zimechorwa na nani wala zinaonyesha nini. Nyuma ya fomu imebanwa orodha ya dalali wa mahakama, aliyeingia chumbani mwanamke huyo akiwa ameshaondolewa, na picha zile tatu kazipa bei moja kwa pamoja, pungufu ya bei ya cherehani.

Mwandiko wa dalali ni ule wa Kijerumani cha zamani, ambao herufi e hufanana na n, na u hutofautishwa na n kwa kijitao kidogo kilichowekwa juu yake. Programu ya kusoma maandishi hukwama hapo, hivyo husoma binadamu. Hadi saa nne nilikuwa nimeyaingiza majalada matano.

Saa nne na robo nilimtafuta mshonaji wangu kwenye mfumo ili kuona kama anapatikana, na siku yangu ikaharibika. Nililetewa ukurasa wa mwanamke mmoja mwenye tarehe tatu za kuzaliwa na anwani kumi na moja.

Ilinichukua muda kuelewa. Mwenzetu wa upande wa programu alikuwa ameweka badiliko jipya usiku, kwa nia njema kabisa, ili mfumo uunganishe wenyewe rekodi za mtu mmoja zilizotawanyika katika majalada mbalimbali. Wazo lenyewe ni zuri, kwa sababu mtu yuleyule anaweza kuwa na fomu Berlin, hati ya mnada kwingine, na kadi ya mchoro Munich, mahali ambapo jeshi la Marekani lilikusanya mali zilizopatikana baada ya vita kuanzia mwaka 1945 na kuzipa kila moja namba yake. Lakini mfumo hauijui amri ya tarehe 17 Agosti 1938. Amri hiyo iliwalazimisha Wayahudi ambao majina yao hayakuwamo katika orodha iliyokubaliwa na serikali kuongeza jina la pili kuanzia Januari 1939: wanaume wote Israel, wanawake wote Sara. Jina hilo halikutoka kwa mama wala kwa bibi. Lilikuwa alama ya kumtambulisha mtu ili adhulumiwe kwa urahisi. Mfumo ukaliona Sara, ukaliona jina la ukoo ambalo ni la kawaida sana Berlin, ukahesabu kwamba yanalingana, ukawarundika wanawake ishirini na tatu katika ukurasa mmoja.

Siwezi kueleza hasira niliyoipata. Watu hawa walivuliwa majina yao na dola, wakafanywa kundi moja la akina Sara, na sasa sisi, tunaojiita warekebishaji, tulikuwa tumelifanya jambo lilelile. Na madhara yake si ya heshima peke yake. Mrithi wa mmoja angeweza kupeleka madai akiwa na orodha ya vitu vya mwingine, madai yakakataliwa, na akaonekana mwongo.

Tulikaa kikao. Mmoja alishauri tulifute jina Sara kila mahali, kwa hoja kwamba hatuna haki ya kuliendeleza tusi. Nilimwelewa, ila nilipinga, na bado napinga. Waraka hunakiliwa ulivyo. Mtu aliyerithi barua moja tu yenye jina hilo atalitafuta kwa jina hilo, na tukilifuta tunamfungia mlango. Tukakubaliana kila rekodi iwe na sehemu mbili, jina kama lilivyoandikwa na jina lake mwenyewe. Lile la kulazimishwa liweze kutafutwa, lakini lisihesabiwe kamwe katika kuunganisha watu. Kisha ikabaki kazi ya kuwatenganisha wale waliokwisha kuunganishwa, na hiyo haina mashine. Unafungua picha ya waraka, unasoma tarehe ya kuzaliwa, unaamua, unafungua nyingine.

Mama mdogo alipiga simu kutoka Tanga wakati nakula wali wangu wa jana mbele ya skrini. Aliniuliza tena kama kawaida yake, mali za Wazungu zinakuhusu nini mwanangu? Nilimkumbusha kwamba katika makumbusho ya mji huu huu kuna vitu vilivyobebwa kutoka kwetu wakati wa utawala wa Mjerumani, na kwamba siku tunayouliza vilichukuliwaje, jibu hutafutwa katika daftari la mapokezi kama hili ninalolisoma. Akasema basi soma vizuri.

Saa nane na kitu alipiga msaidizi wa nyumba moja ya mnada. Alitaka nimwandikie kwamba mchoro fulani haumo katika nyaraka zetu, kabla katalogi yao haijakwenda kuchapwa jioni ile. Nikamwuliza nyuma ya mchoro kuna nini. Akasema hajatazama. Akapiga tena: kuna kibandiko kilichochanika na namba iliyofutika nusu. Nikamweleza kwamba kikosi cha Rosenberg, yaani kikosi cha Kinazi kilichopora sanaa Ufaransa, kilitia kila kitu herufi za mwenyewe na namba, R kwa familia ya Rothschild, KA kwa mkusanyaji wa sanaa Alphonse Kann, kwa hiyo anitumie picha ya mgongo wote. Akasema hana muda, yeye anahitaji sentensi moja tu.

Sentensi hiyo ndiyo nisiyoweza kuiandika, na alipopiga mara ya tatu kwa sauti ya juu nilimpa mfano. Mkusanyiko wa Adolphe Schloss, Myahudi wa Paris, ambao Wanazi waliupora, ulikuwa na michoro 333. Michoro 262 ilipelekwa Munich kwa ajili ya makumbusho ambayo Hitler alipanga kuyajenga Linz, mji wa Austria, ikahifadhiwa katika jengo lake la ofisi. Mwishoni mwa Aprili 1945, Wamarekani wakiwa wanaingia, watu wa mji walilivamia jengo wakabeba. Michoro iliyotoweka siku zile ilitoweka kabla ya mtu kuiandikia kadi. Ukitafuta kadi ukakosa, umejua tu kwamba kadi haipo. Mwaka 1998, mjini Washington, nchi 44 zilikubaliana kwamba nyaraka za namna hii ziwe wazi kwa watafiti, na sisi tunazifungua ili watu wazisome, hatukuzifungua ili tuwe wagongaji mihuri ya usafi. Alikata simu. Mchoro ule nimeuandika katika daftari langu pamoja na tarehe.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Kulikuwa na tarehe za kuzaliwa, macho yaliyowasha, kahawa iliyopoa, na Mwanamke wa Tisa na wa Kumi na Nne waliozaliwa siku moja katika mji mmoja, nikalazimika kulinganisha saini zao mpaka nikaona kwamba mmoja alikuwa na mkono mwepesi na mwingine aliikandamiza kalamu. Wenzangu waliaga mmoja mmoja.

Nje kulishakuwa giza tena mshonaji aliposimama peke yake katika ukurasa wake, na jina lake mwenyewe likiwa mbele. Ndipo nikaikumbuka barua iliyotufikia mwezi Oktoba, ya mzee aliyekuwa akimtafuta dada wa bibi yake, fundi cherehani wa Berlin, na ambaye tulimjibu kwamba hatujapata kitu. Jina, mtaa na namba ya nyumba vililingana. Nilimwandikia usiku uleule, nikamwambatishia kurasa zote 16. Nilimweleza kwamba picha za ukutani zilikuwa tatu na kwamba hakuna aliyeandika zilionyesha nini, kisha nikamwuliza kama katika familia yao imebaki picha yoyote iliyopigwa kwa kamera ndani ya chumba kile, hata iliyofifia, ili mradi ukuta unaonekana.