Sindano ilinipa nafasi, mikono ikafanya kazi

Kwa miaka 4 nimeishi na maumivu yanayoanzia kwenye kalio la kushoto, yanashuka nyuma ya paja na kuishia kwenye vidole vya mguu kama moto uliochanganyika na ganzi. Hapa Uyole, Mbeya, baridi ya Juni na Julai inapokaza, kuna asubuhi nilizoshindwa kuinama, na mume wangu ndiye aliyenifunga kamba za viatu ili niwahi darasani.

Mwanzoni nilichomwa sindano za kutuliza maumivu kalioni, wiki baada ya wiki, katika kituo kimoja ambako hakuna aliyeniuliza maumivu yanaelekea wapi. Zilinipa usingizi wa siku mbili, basi. Picha ya MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili, ndiyo iliyoonyesha kwamba diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno imetokeza na kubana mzizi mmoja wa neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini.

Sindano niliyochomwa baadaye Dar es Salaam ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Daktari aliielekeza kwa msaada wa eksirei hadi karibu na mzizi uliobanwa, akaweka steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, pamoja na dawa ya ganzi. Alinieleza mapema kwamba ganzi ingeisha baada ya saa chache na maumivu yangerudi, kwa kuwa steroidi huchukua siku kadhaa kupunguza uvimbe. Alinieleza pia kwamba diski yenyewe hairudishwi na sindano, na kwamba mwenye kisukari lazima aseme, maana steroidi hupandisha sukari. Siku ya 5 nililala usiku kucha. Nililia kwa shukrani.

Hata hivyo misuli yangu, iliyozoea kujikaza miaka yote ile kuulinda mguu, haikulegea yenyewe. Mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mbeya alinichua kalio na paja mara 2 kwa wiki, taratibu, bila kuukandamiza uti wa mgongo, na kila mara alimalizia kwa mazoezi ambayo kabla ya sindano nisingeyaweza. Mama mkwe wangu, kwa upendo mkubwa, alikuwa akinikanda kwa maji ya moto. Nilimwomba kwa heshima ajaribu kwanza maji kwa mkono wake, kwa sababu ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Waliotaka kunivuta mguu ili «kurudisha mfupa» niliwakatalia.

Daktari alinionya juu ya jambo moja ambalo naliandika kwa msisitizo: ukipoteza hisia katikati ya mapaja, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, usisubiri kuchuliwa wala sindano, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Huu ni mwezi wa 8 tangu sindano ile. Ganzi imebaki kwenye kidole gumba cha mguu, na viatu navifunga mwenyewe.